Msimnyamazishe Bibi!

  Leo sina habari ya nani kamwacha nani. Leo nawataka nyie mliooana juzijuzi, wenye mtoto mmoja anayetambaa na pengine wa pili yuko njiani. Na nyie mabachela msifunge ukurasa, siku zenu zinakuja.

Nataka tuongee kuhusu mtoto anayejifunza kusema. Nazungumzia ule muda wa kati ya mwaka mmoja na mitatu, ambapo nyumba nzima inamkodolea macho mtoto, inasubiri atamke. Akianza na "baba", mama analalamika kwamba mimba alibeba yeye. Akianza na "mama", baba ananuna kimoyomoyo. Asiposema kitu, hapo sasa kila mtu anageuka daktari.

Na hapa Kigoma hao madaktari wa mtaani wana dawa moja tu: "Mnamchanganya mtoto kwa lugha nyingi. Acheni Kiha." Dawa hii inatolewa bure. Utapewa sokoni, saluni, kwenye daladala, hata msibani kabla maiti hajatoka ndani. Nimeisikia mpaka nimeizoea. Lakini siku ilipoingia nyumbani kwangu, nusura imfunge mdomo mtu ninayempenda, ndiyo maana leo nimeshika kalamu.

MJI WA NDIMI NYINGI

Kwa wale wa Dar ambao Kigoma wanaijua kwa dagaa, mawese na wasanii tu, ngoja niwape picha kidogo. Wenye mkoa ni Waha, na Kiha chao ni ndugu wa damu na Kirundi na Kinyarwanda. Mha wa Kibondo akikutana na Mrundi, wanaelewana bila mkalimani. Ukishuka Ujiji unakuta Kiswahili cha siku nyingi sana. Kililetwa na misafara kutoka pwani, enzi zile njia ya kutoka Bagamoyo ilipokuwa inaishia pale ziwani. Stanley alipomkuta Livingstone pale Ujiji mwaka 1871, Kiswahili kilishatangulia zamani. Kuna familia za Wamanyema waliotoka ng'ambo ya ziwa. Reli ikafika Kigoma mwaka 1914 na ikaleta watu wa kila kabila. Halafu vikaja vita vya majirani. Warundi walimiminika mwaka 1993, Wakongo wakafuata mwaka 1996, ndipo kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa kule Kasulu. Mwaka 2015 Warundi wakaja tena.

Na ziwa lenyewe lina nchi nne: Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Sasa mtoto aliyezaliwa hapa kusikia lugha tatu kabla hajaota meno ni habari ya kushangaza? Hiyo ni kama kushangaa samaki kulowa.

Nyumbani kwangu ndiyo mfano kamili. Mimi ni mtu wa Tanga, Kiswahili changu nilikuja nacho kwenye treni pamoja na masufuria. Baba watoto ni Mha wa Kasulu, anahangaika na dagaa pale Kibirizi. Mtoto alipozaliwa mama mkwe akaja kunisaidia kulea, na mpaka leo yupo, Mungu amweke. Mama mkwe Kiswahili chake ni cha sokoni. Anaweza kukuuliza bei na kukuambia imezidi, lakini mambo ya moyoni anasema kwa Kiha. Ukuta kwa ukuta tunaishi na mama mmoja wa kutoka Uvira, anauza vitenge, na watoto wake wanashinda uani kwetu. Kiswahili chao ni kile cha Kongo: vitu kwao ni "bintu", na wakikuita wanasema "kuya!" badala ya "njoo".

Katikati ya vurugu hiyo ndipo alipo bwana mdogo wangu. Kapewa jina la babu yake marehemu, kwa hiyo mama mkwe anamwita mume wangu, na akikasirika anamwambia atampa talaka. Kwa Kiha, bila shaka.

MANENO YANAANZA

Bwana mdogo alitembea mapema. Ila kuongea, jamani, akawa na mwendo wake. Alipofika miezi ishirini akawa bado ni mtu wa kuonyesha kidole na maneno machache. Mtoto wa rafiki yangu waliyezaliwa mwezi mmoja alikuwa anasema mpaka "sitaki ugali".

Wa kwanza kupiga simu alikuwa wifi yangu wa Dar. "Wifi, mnamchanganya mtoto. Mwambieni mama aache Kiha." Nikacheka. Wifi huyuhuyu kalelewa kwa Kiha kitupu, kakutana na Kiswahili akiwa mkubwa wa kutosha kuchunga mbuzi, na leo hii ukimsikia anavyobishana na makondakta utadhani kazaliwa Kariakoo.

Wa pili hakunichekesha. Tulimpeleka mtoto kwenye kituo kimoja cha kulelea watoto hapa mjini, na baada ya wiki mbili mwalimu akatuita. Akasema mtoto ana maneno matatu au manne tu, amechanganyikiwa, nyumbani tuache "kilugha" kabisa, tutumie Kiswahili na Kiingereza. Mama mkwe alikuwa amesimama pale mlangoni, mtoto kambeba mgongoni. Kiswahili cha kumwelewa mwalimu yule alikuwa nacho.

Tukarudi nyumbani. Sikumwambia kitu, na baba watoto hakumwambia kitu. Yeye mwenyewe akaamua. Kuanzia jioni ile mama mkwe akaacha kuongea na mjukuu wake.

Anamwogesha kimya. Anamlisha kimya. Mtoto analeta kandambili, anaonyesha kuku, anavuta kanga, bibi anatabasamu tu. Kabla ya hapo yule mama alikuwa redio: alimsimulia mtoto kila kitu, huu moto, huyu kuku, hii mvua inakuja, wewe mume gani hutaki kuoga. Sasa nyumba ikawa kama kuna mgonjwa. Siku ya tatu nikamuuliza, "Mama, mbona huongei na mumeo?" Akanijibu kwa kile Kiswahili chake, "Mimi sitaki kuharibia wewe mtoto."

Msomaji wangu, sentensi ile ilinichoma. Mtu kalea watoto saba, wote wanaongea mpaka wanakera, halafu leo anaambiwa sauti yake ni sumu!

TUKAHESABU

Usiku ule nikachukua kalenda ya mwaka uliopita, nikaigeuza upande mweupe, nikachora mistari mitatu. Nikamwambia baba watoto awe mkalimani. Kazi ikawa moja: kila mtu ataje neno ambalo mtoto analitumia yeye mwenyewe, kwa maana ileile kila siku, hata kama analitamka kwa kulikatakata.

Mstari wangu wa Kiswahili ukapata maneno tisa: mama, baba, maji, taa, "pe" ambayo ni nipe, "apana", na mengine madogo. Nikadhani nimeshinda. Mama mkwe alianza kwa aibu, akataja inka, yaani ng'ombe. Akataja inkoko, yaani kuku. Akaendelea, na baba watoto akawa anatafsiri huku anacheka, kwa sababu mengine ni maneno ya kumtukana mbuzi wa jirani. Kiha kikafika kumi na manne. Kwa mama wa Uvira tukaokota mawili, na moja ni "kuya!".

Jumla ishirini na matano. Tukatoa yale manne ambayo alikuwa nayo kwa lugha mbili, kama kuku na inkoko, yakabaki mambo ishirini na moja tofauti ambayo mtoto anaweza kuyataja. Na kule kituoni walisikia matatu! Ni kama mfanyabiashara mwenye dagaa kwenye maghala mawili, wewe unachungulia ghala moja tu halafu unatangaza mjini kwamba kafilisika.

Hesabu hii sikuibuni mimi. Mwaka 1993 kule Miami, Marekani, mtaalamu Barbara Pearson na wenzake walichapisha utafiti kuhusu watoto wadogo wanaolelewa kwa Kiingereza na Kihispania. Ukiwapima kwa lugha moja peke yake, wengine wanaonekana wako nyuma. Ukijumlisha lugha zote mbili, wako sawa na watoto wa lugha moja. Na kama unadhani hayo ni mambo ya Wazungu tu, vuka hapo Kilifi, Kenya. Watafiti wakiongozwa na Katie Alcock walitengeneza orodha za maneno ya watoto kwa Kiswahili na Kigiriama, na matokeo wakayachapisha mwaka 2015. Kwa kuwa akina mama wengi hawakuwa wanajua kusoma, walikaa nao na kuwauliza kwa mdomo. Na akina mama walijua kabisa maneno ya watoto wao. Kwa hiyo bibi yako asiyejua kusoma ni shahidi halali. Mwite mezani.

HOFU HII IMETOKA WAPI?

Utauliza, sasa kama hali ndiyo hiyo, nani alianzisha maneno haya ya mtoto kuchanganyikiwa? Hofu ina umri mkubwa kuliko babu zetu. Mwaka 1923 bwana mmoja anaitwa Saer alipima watoto wa shule kule Wales, Uingereza, akatangaza kwamba wa vijijini wenye lugha mbili wana akili pungufu kuliko wenye lugha moja. Walimu wakalishika hilo kama msahafu. Ikabidi tungoje mpaka mwaka 1962, ambapo Elizabeth Peal na Wallace Lambert waliwapima watoto wa Montreal, Kanada, kwa uangalifu zaidi. Walihakikisha wanalinganisha watoto wa hali ya maisha inayofanana na wanaojua lugha zote mbili sawasawa. Watoto wa lugha mbili hawakuwa nyuma hata kidogo, na kwenye vipimo vingi walikuwa mbele. Yaani ilikuwa ni kulinganisha watoto wa hali tofauti za maisha, halafu unaisingizia lugha.

Hapa Kigoma hofu hiyo imeongezewa chumvi na aibu. Tuseme ukweli. Wapo vijana wetu wanaoshusha sauti wakipigiwa simu na mama zao ndani ya basi, wasije wakaulizwa wametoka nchi gani, kwa sababu Kiha kinafanana na Kirundi. Wapo wanaofika Dar na kujifanya hawajui hata salamu ya kwao. Mtu mwenye aibu hiyo akipata mtoto, akiambiwa na mwalimu "acheni kilugha", anashukuru! Kapewa sababu ya kitaalamu ya kuficha asichokipenda. Lakini Kigoma All Stars walipotoa ule wimbo wa "Leka Dutigite" mwaka 2012, jina lenyewe Kiha, nchi nzima ilicheza na hakuna aliyechanganyikiwa.

Halafu msisahau kwamba Kiha na Kiswahili wala si wageni wao kwa wao. Wewe unasema mtu na watu, Mha anasema umuntu na abantu. Mtoto anayeshika kwamba neno linabadilika kichwa pale vitu vinapoongezeka, kashika siri moja inayofanya kazi nyumba zote mbili. Tofauti zipo, tena kubwa. Kiha kina kupanda na kushuka kwa sauti kunakobadili maana, Kiswahili hakina. Ila sikio la mtoto lina uwezo huo. Mwaka 2010 watafiti wa Vancouver, Kanada, walichapisha matokeo ya vichanga wa siku chache tu. Wale ambao mama zao waliongea Kiingereza na Kitagalogi wakati wa ujauzito walizipenda lugha zote mbili, na bado waliweza kuzitofautisha. Wa siku chache! Wewe una miaka thelathini na bado unachanganya majina ya mashemeji.

KUCHANGANYA SIYO KUCHANGANYIKIWA

Watu wanaposikia mtoto anasema "inka kubwa", wanashika kichwa. "Unaona? Kachanganyikiwa!" Hapana bwana. Anatumia neno alilonalo. Ng'ombe kamjua kwa bibi, ukubwa kaujua kwa mama, kaunganisha. Hata wewe ukiwa kazini unasema "nitaku-beep", na hakuna aliyekupeleka Mirembe.

Tena watoto hawa wanajua nani wa kuongea naye nini. Fred Genesee na wenzake huko Montreal walionyesha, katika miaka ya 1990, kwamba watoto wa miaka miwili hivi wanachagua lugha kulingana na mtu aliye mbele yao, hata akiwa mgeni. Wangu sasa ana miaka miwili na nusu. Akimwona ng'ombe yupo na mimi anasema ng'ombe. Akimwona na bibi anasema inka. Akimwona na watoto wa Uvira anasema "kuya!", na huyo ng'ombe akija anakimbia yeye.

Na msimkosoe kila sekunde. Vitenzi vyetu vina vichwa virefu: a-na-kula, tu-li-enda. Mtaalamu Kamil Deen alifuatilia watoto wa Nairobi wanaojifunza Kiswahili, akaandika kitabu mwaka 2005, akaonyesha kwamba wanaweza kuachia vipande vya mwanzo na kubaki na shina. Kwa hiyo mtoto akisema "kula" akimaanisha anakula, anapita njia ileile wanayopita watoto wa Kiswahili. Wewe mjibu tu, "Ndiyo, paka anakula." Ameshapata somo, bila kiboko.

WAKATI WA KUWA NA WASIWASI

Sasa hapa nisikilizeni vizuri, maana sitaki mtu akunje gazeti hili akalalia masikio yake. Lugha nyingi hazimcheleweshi mtoto. Kwa hiyo mtoto aliyechelewa kwelikweli ana sababu nyingine, na sababu hiyo inatafutwa hospitali. Kusema "ni mambo ya lugha mbili, ataongea tu" ni kosa lilelile likiwa limegeuzwa.

Kwa kawaida mtoto anabwabwaja "ba-ba-ba, ma-ma-ma" kabla ya mwaka. Karibu na mwaka mmoja neno la kwanza linatoka. Akifika miaka miwili anaunganisha mawili: "mama maji", "inka kubwa", kwa lugha yoyote au kwa mchanganyiko. Kama mwaka umepita na habwabwaji wala haonyeshi kidole, kama ana mwaka na nusu na hana neno hata moja kwa lugha zote za nyumbani, kama ana miaka miwili na haunganishi, au kama alikuwa na maneno halafu yakapotea, usisubiri. Mpeleke apimwe, na anza na masikio. Mtoto asiyesikia vizuri hakosi lugha moja, anakosa zote.

Sisi wenyewe tulimpeleka wetu hospitali, masikio yakaangaliwa, yakawa mazima. Tukapumua. Lakini wapo ambao masikio yanatoa usaha mwaka mzima na nyumbani wanasema ni meno. Wapo waliougua homa ya uti wa mgongo. Na malaria, ambayo kwetu Kigoma si mgeni: utafiti wa Kilifi umeonyesha kwamba baadhi ya watoto walionusurika malaria kali iliyopanda kichwani walibaki na matatizo ya lugha. Mtoto wa namna hiyo anahitaji msaada mapema, na hasaidiwi chochote kwa kunyang'anywa Kiha. Wala kukata kilimi hakumfanyi mtoto aongee. Nimesikia mtu akishauri hivyo sokoni Mwanga, nikamwomba awe anauza nyanya zake tu.

TELEVISHENI SIYO BIBI

Kuna kundi la mwisho, vijana wenzangu wa mjini, ambao wameacha Kiha, Kiswahili wanakidonadona, na mtoto wamemkabidhi kwa katuni za Kiingereza kutwa nzima. Eti "aanze mapema". Kiingereza nakiheshimu, sekondari zetu zinafundisha kwa Kiingereza na ajira zinakitaka. Lakini mtoto wa mwaka mmoja anajifunza lugha kwa mtu anayemwangalia usoni, anayemjibu, anayengoja zamu yake. Katuni haingoji. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa chini ya miaka miwili asiwekwe mbele ya skrini, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku.

Watafiti wa Accra, Ghana, waliangalia vichanga 121 wa mjini wenye miezi mitatu hadi kumi na miwili. Wakakuta watoto wale wanasikia lugha kati ya mbili na sita, kutoka kwa watu wazima kati ya wawili na sita wanaowazunguka kila siku. Kiingereza kiliwafikia zaidi kwa njia za pembeni kama televisheni, wakati lugha za kwao ndizo watu walizowasemesha nazo. Nilipoisoma habari hiyo nikaona ni uani kwetu kabisa. Mama, baba, bibi, jirani, kila mmoja anakuja na lugha yake.

Na hapo ndipo nilipotaka tufike, msomaji. Mtoto mdogo hajui kwamba kuna kitu kinaitwa Kiha na kingine kinaitwa Kiswahili. Anachojua ni watu. Kiha kwake ni bibi. Ukiondoa Kiha ndani ya nyumba yangu, huondoi kamusi, unamwondoa bibi. Anabaki mwili wake, mikono ya kuogesha na kulisha, lakini yule mwenye hadithi na utani na talaka za uongo anakuwa ameondoka. Mtoto naye anapoteza mtu aliyekuwa anaongea naye kuliko sisi wote, maana baba watoto yuko Kibirizi na mimi nashinda na cherehani. Halafu tunashangaa kwa nini haongei!

Niliyasema hayo usiku ule wa kalenda, kwa maneno mafupi zaidi. Baba watoto akayatafsiri kwa mama yake, akaongeza ya kwake, marefu kuliko niliyosema mimi. Mama mkwe akanyamaza kidogo. Kesho yake asubuhi nikasikia bafuni anagombana na mumewe kuhusu sabuni. Nikaendelea kushona.

Kituoni tulikwenda na ile kalenda. Mwalimu aliisoma, akaomba tumwandikie maneno ya Kiha na maana zake ili mtoto akisema wamwelewe. Nikasema hapo sawa.

Kwa hiyo kazi ya wikiendi hii ni moja. Waite wote wanaomlea mtoto wako, bibi, shangazi, dada wa kazi, jirani wa ng'ambo ya ukuta. Geuza kalenda, hesabuni maneno yote. Yakiwa mengi, nyamazeni muendelee kuongea naye. Yakiwa machache kwa umri wake, Jumatatu nendeni hospitali. Na mtu akikuambia lugha tatu zinamchosha mtoto, muulize taratibu yeye mwenyewe anajua ngapi, na ni ipi iliyomuua.

Tukutane wiki ijayo, Inshallah. Nitakuwa na habari ya mawifi, lakini yule wa Dar msimwambie.